Maji Yaliyokosa Mwenyewe

Kama hujamwona Evelina akitoa bondo, usiniambie unajua kisu. Wenzake pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, hupasua sangara vurugu tupu, damu mpaka kwenye nyusi. Yeye huingiza ncha ya kisu chini ya pezi, huvuta mara moja, hupitisha vidole viwili ndani, na kile kibofu cheupe cha hewa kinachomfanya samaki aelee hutoka kizima, hakina hata mkwaruzo. Hukiosha, hukichuna utando wa damu, hukitandaza juu ya wavu uliofungwa kwenye miti. Kikikauka kinakuwa kigumu, rangi ya manjano, na kwa mnunuzi kinashinda samaki mzima aliyekibeba. Kinakwenda Uchina. Wanakifanyia nini huko, kila mtu ana hadithi yake, na Evelina hakuwahi kujisumbua kuuliza. Mabondo yalimlisha na kumsomesha binti yake Hellen, yakatosha.

Alizaliwa Kisesa, kwa watu wa ng'ombe ambao ziwa wanaliona tu kwa mbali wakiwa safarini. Alipoposwa na mvuvi, baba yake aliuliza huyo mtu ana nini cha kumwonyesha mkwewe, maji? Mvuvi mwenyewe, Shimba, alikuja kujibu. Alikaa na mzee zizini asubuhi hadi jioni, akakamua, akazoa samadi, na hakusema neno kuhusu samaki. Akapewa mke. Ndivyo Evelina alivyovuka ghuba akiwa na miaka ishirini na miwili, akafika mwalo wa Kabusuli, upande wa Sengerema, na leo ana arobaini na sita.

Sasa nikwambie tabia yake, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Evelina si mgomvi. Hapigi kelele, hatukani, hachanganyiki na umbeya wa kisimani. Lakini ana kinyongo, na kinyongo chake hakiozi. Mwaka wa pili wa ndoa yake mnunuzi mmoja alimchezea mizani. Alinyamaza. Miaka minne ikapita, mnunuzi yule akapata mteja mkubwa na muda mfupi, mwalo mzima hauna mabondo, akaja kwake anahema. Evelina alimkaribisha, akamchemshia chai, akamkaangia chapati mbili, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Kisha akamwambia mzigo ulikwisha jana. Magunia matatu yalikuwa nyuma ya mlango alioegemea yule bwana akinywa chai. Shimba alicheka mpaka akakohoa, na usiku akamwambia, mama Hellen, mimi nitakufa naomba tusikosane.

Hawakukosana. Aliyemuudhi Evelina ni mwingine.

Kampuni ya vizimba ilipata sehemu ya ziwa mbele ya Kabusuli miaka sita iliyopita, kufugia sato. Mimi sina ugomvi na sato. Ila ziwa likazungushiwa maboya ya rangi ya chungwa, na ndani ya maboya ukaanza utawala mwingine. Kampuni ilikodi walinzi wa shirika linaloitwa Lindamaji, vijana wa sare nyeusi na miwani, wenye boti za mwendo kasi na kidege cha kamera kinachopaa juu ya vichwa vya watu kikivuma. Mkataba wao na halmashauri ulisomwa mbele yetu siku ya mkutano. Ndani ya maboya, Lindamaji anaweza kukamata mtu na mali, na lolote likitokea humo kampuni ndiyo ya kwanza kuchunguza na kujibu. Nje ya maboya, Lindamaji ni raia kama mimi na wewe, na mambo yote ni ya polisi wa majini. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza maboya yenyewe yatakaa wapi.

Maana yalitembea. Upepo ukija nanga zinaburutwa, na usipokuja upepo zinaburutwa na watu. Leo uko nje, kesho umelala ulipolala na uko ndani. Na Lindamaji hawakuja kulinda sato peke yake. Mabondo mengi ya upande huu hupitishwa kwa magendo kwenda Uganda, yanafungwa kwenye mapipa ya bluu ya plastiki, yanazamishwa chini ya boya fulani, mwenye mtumbwi anapita kuyachukua. Pipa likikamatwa, mkamataji anasifiwa ofisini. Na kama alikuwa peke yake alipolikamata, ofisini hata halifiki. Kila mtu Kabusuli alijua mapipa mangapi yalikamatwa na mangapi yalifika.

Mkuu wa Lindamaji aliitwa Bagenda. Mtu mrefu, msafi, sauti ya chini, hata kofia yake ilipigwa pasi. Jumapili alisoma somo kanisani na alisoma vizuri, siwezi kumnyima haki yake.

Machi ya mwaka juzi, siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, Shimba na mwenzake Ngosha walikuwa wanavuta nyavu karibu na maboya. Boti ya Lindamaji ikaja, Bagenda amesimama mbele. Akasema wako kwenye maji ya kampuni na wamebeba mabondo ya magendo. Shimba akasema njoo uangalie, hatuna hata bondo la kulambia. Bagenda hakuangalia. Alimwashiria dereva, boti ikazunguka, ikaja kwa kasi ikaugonga mtumbwi ubavuni. Ngosha alipoibuka alishika ubao, akaiona boti inaondoka na Bagenda hakugeuka. Shimba hakuibuka. Walimpata siku ya tatu.

Pale Kabusuli ziwa likimchukua mtu, wenzake huchukua boya moja la nyavu zake na kulitia nanga ya jiwe mahali mtumbwi ulipopindukia. Haliguswi. Hata wezi wa nyavu, ambao hawana aibu, hulikwepa. Linaondolewa na mjane siku atakayoona ya marehemu yameisha. Boya la Shimba lilikuwa dumu la njano la mafuta ya kupikia, lenye mistari miwili myekundu ambayo Evelina mwenyewe aliichora kwa rangi iliyobaki walipopaka mlango. Ngosha alilifunga pale pale. Kwa hiyo hakuna mtu pande zile, awe mvuvi, polisi au mlinzi, asiyejua mahali Shimba alipofia. Unaelekeza kidole tu.

Matanga yalipokwisha Evelina alivaa kitenge chake kizuri akaenda polisi wa majini. Koplo Machibya alimsikiliza kwa heshima, akaandika ukurasa mzima, kisha akasimama dirishani akalitazama lile dumu kwa darubini.

"Pole sana, mama," alisema. "Ila pale ni ndani ya maboya. Mkataba unasema kampuni ndiyo inaanza kuchunguza. Mama, hapa siyo penyewe."

Akaenda kampuni. Alikalishwa kwenye kiti laini, akapewa maji ya chupa. Bagenda mwenyewe akatoka na barua iliyokwisha kupigwa chapa, yenye sahihi yake. Barua ilisema mahali pa tukio, penye lile dumu, ni nje ya mipaka ya kampuni, kwamba siku hiyo boti za Lindamaji hazikutoka nje ya eneo, na kwamba kidege cha kamera kilikuwa kwenye chaji.

"Tungependa kusaidia, mama Hellen," Bagenda alisema kwa ile sauti yake ya kanisani. "Lakini hapa siyo penyewe. Jaribu polisi."

Alirudi polisi. Alirudi kampuni. Mara saba, na sisemi saba kwa kutia chumvi. Walimpiga danadana mwaka mzima, na kila upande ulikuwa mpole, hakuna aliyemfokea, na upole ule ndio uliomchoma. Mumewe alikuwa amefia kwenye maji ambayo hayakuwa na mwenyewe. Safari ya saba, akitoka getini kwa kampuni, alimsikia Bagenda akimwambia mlinzi kwamba yule mama atachoka tu, wote huchoka.

Hapo ndipo alipoacha kulia. Shemeji yake Ngosha anasema ilikuwa kama mtu aliyefunga bomba.

Akavuka kwenda Igoma, kwa mwanasheria mmoja binti aitwaye Kokugonza, mwenye ofisi ya meza moja juu ya duka la vipuri, anayewasaidia wasio na uwezo. Kokugonza alimwamkia shikamoo, akazisoma karatasi zote, akaivua miwani.

"Mama, nisikudanganye. Shahidi tunaye, Ngosha. Lakini kila nikigonga mlango nitaambiwa nigonge wa jirani. Nahitaji mmoja wao akiri kwa maandishi kwamba pale ni pake. Akikiri, yale mengine yote yanafunguka."

"Mmoja yeyote?"

"Mmoja yeyote. Ila kampuni ikikiri, barua ya Bagenda inakuwa uongo. Na mtu aliyesaini uongo juu ya maiti ana kesi."

"Basi simtaki yeyote," Evelina alisema. "Namtaka huyo."

Miezi minne alifanya kazi yake tu. Alipasua, akakausha, akanunua ya wenzake, akaongeza. Kibali chake cha kununua na kuhifadhi mabondo alikilipia upya, akakitia kwenye nailoni. Watu wakasema afadhali, ameanza kusahau. Kumbe mzigo ule ndio ulikuwa wa kumpeleka Hellen chuo cha uuguzi, hakuna mwingine, na siku moja alimkalisha binti yake akamwambia anataka kuutumia kwa jambo la baba yake, na huenda usirudi. Hellen aliuliza jambo gani. Alipoambiwa, alisema yeye anaweza kusubiri mwaka mwingine. Damu ni moja wale.

Akapakia mabondo kwenye pipa la bluu. Mchana kweupe, jua la saa saba, Ngosha akampeleka kwa mtumbwi kwenye dumu la Shimba. Hakuna aliyewatilia shaka, mjane huenda kwa mumewe. Alikaa pale kidogo. Ngosha anasema alimwomba marehemu msamaha kwa Kisukuma, kwamba anamsumbua mara moja tu. Kisha akalifunga pipa kwenye kamba ya dumu, akalizamisha na jiwe.

Alijua hesabu yake. Bagenda akipata habari peke yake, atalichukua pipa na hataandika hata nukta. Machibya akipata peke yake, ataandika ni la polisi, maji yatakuwa ya serikali na Bagenda atapona. Wote wawili wakifika pamoja, hapo mmoja atalazimika kumwonyesha mwenzake karatasi. Lakini ni yupi? Hilo Evelina alijiachia mwenyewe, aligeuze anavyotaka wakati ukifika.

Asubuhi ya Jumamosi alipita kituoni akamwambia Machibya kwamba kuna pipa la magendo chini ya dumu la marehemu, imemuuma wahuni wanavyolitumia kaburi la mumewe, litachukuliwa saa nne. Kutoka hapo akaenda getini kwa Lindamaji akamwambia Bagenda maneno yale yale. Bagenda alimtazama sana.

"Umekuja kwangu mimi, mama Hellen?"

"Nimechoka," alisema Evelina, na akainamisha kichwa. Lile neno lilimfurahisha Bagenda, ilionekana.

Saa nne boti mbili zikafika kwenye dumu karibu pamoja, moja ya polisi, moja ya walinzi wa sare nyeusi. Mitumbwi kama kumi ya Kabusuli ilikuwa jirani inakung'uta nyavu, na nyavu siku hiyo zilikuwa hazina hata kidagaa, sasa sijui walikuwa wanakung'uta nini. Mimi nilikuwa kwenye mmoja. Evelina na Ngosha walikuwa kwenye mtumbwi wao, hatua chache kutoka kwetu.

Pipa likavutwa juu, likafunguliwa. Mabondo yamejaa, makavu, mazima, yanang'aa. Machibya akapiga mluzi.

"Hili ni la serikali," alisema. "Maboya yenu yale pale, uko nje."

"Maboya yamesogezwa na upepo," alisema Bagenda. "Nenda na mkataba."

"Mkataba unasema maboya."

"Mkataba unasema ramani."

Wakaanza. Bagenda akatoa tabuleti yao, kile kibao cha kioo, akafungua ramani, akaonyesha mstari. Machibya akasema ramani kila mtu anaweza kuchora. Bagenda akasema hii ndiyo iliyosainiwa siku ya kwanza, haijaguswa tangu hapo. Kisha akanyoosha mkono kulionyesha dumu, na mkono ukabaki hewani. Nilimwona. Alilitazama lile dumu la njano na mistari yake miwili, na kitu kikampita usoni. Akaushusha mkono. Akakifunga kibao.

"Labda tuwasiliane na wakubwa kwanza," alisema.

Moyo wangu ulianguka, na mimi sikuwa na cha kupoteza pale. Machibya naye akatabasamu, akamwambia kijana wake apakie pipa. Kampuni inanyamaza, polisi wanachukua, Bagenda anakwenda zake nyumbani kula ndizi. Mwaka mzima, miezi minne, chuo cha mtoto, vyote kwisha.

Evelina akasimama kwenye mtumbwi.

"Huo mzigo ni wangu," alisema. "Na kibali ninacho. Afande Machibya, uchukueni nyinyi. Huyu hana lolote hapa. Hapa hapajawahi kuwa kwa kampuni, na watu wote hawa wanajua. Huyu ni mlinzi wa mabanda ya samaki tu, mipaka haijui."

Alisema taratibu, kwa sauti ya kusikika hadi mtumbwi wa mwisho. Mtu akacheka. Mwingine akaitikia, mlinzi wa mabanda, na kicheko kikasambaa juu ya maji. Kijana mmoja wa sare nyeusi, mtu wake mwenyewe, akageuza uso upande wa pili kuficha meno.

Unajua mtu anayepiga pasi kofia. Huyo unaweza kumwibia, unaweza kumtukana mama yake, lakini usimfanye achekwe na watu.

"Wewe mama," Bagenda alisema, na sauti yake ya kanisani ilikuwa imekwisha, "wewe ndiye utanifundisha mipaka?"

"Nifundishe wewe basi. Si maji yenu haya. Ungekuwa na uhakika ungeandika."

"Lete kitabu," Bagenda alimwambia kijana wake.

Akaandika hati ya ukamataji palepale, goti moja juu ya kiti cha boti. Alizisoma namba za mahali kutoka kwenye kibao, kwa sauti, tarakimu moja moja, ili Machibya asikie na mitumbwi isikie. Eneo akaandika: ndani ya mipaka ya kampuni kwa mita kumi na mbili, kwa mujibu wa ramani ya mkataba ambayo haijabadilishwa tangu kusainiwa. Alama ya kutambulisha mahali akaandika: dumu la njano lenye mistari miwili myekundu. Akaweka sahihi, akaweka muhuri, akamsukumia Machibya. Naye Machibya, kwa kuwa ilibidi aeleze kwa mkuu wake kwa nini anarudi mikono mitupu, akaongeza chini kwamba amemwachia Lindamaji mtuhumiwa na mzigo baada ya kuthibitisha kuwa ni ndani ya eneo lao. Akasaini na yeye.

"Na mimi mwenye mzigo nipewe nakala," alisema Evelina. "Ni haki yangu."

"Utapewa," alisema Bagenda. "Na pingu utapewa."

Akaipokea nakala kwanza. Aliikunja mara nne, akaiingiza kifuani, ndipo akatoa mikono. Nimeshuhudia watu wengi wakifungwa pingu, wengine wanalia, wengine wanapigana. Huyu aliinyoosha kama anapimwa bangili. Na alipokuwa anahamishwa kwenda boti ya Lindamaji, akamtazama Bagenda kwa karibu.

"Na ile Alhamisi ya Machi," alimuuliza, "maji haya yalikuwa ya nani?"

Bagenda akalitazama dumu, akamtazama Machibya, akaitazama mitumbwi yote iliyokuwa imeacha kujifanya inakung'uta nyavu. Nilimwona akielewa. Ilimwingia polepole, kuanzia machoni, akakaa. Alimwamuru kijana wake achukue ile nakala kwa mwanamke. Kijana akamtazama Machibya, Machibya akasema nakala ya mtuhumiwa haichukuliwi, na hapo kwa mara ya kwanza nikampenda kidogo yule koplo.

Evelina alilala siku mbili kwenye kontena la kampuni, maana sheria yao iliwaruhusu siku mbili. Alipotoka kwa dhamana Kokugonza alikuwa anamsubiri nje, na karatasi ikatoka kifuani ikiwa na jasho, lakini kila herufi inasomeka.

Kesi yake ya mabondo haikufika mbali, kibali kilikuwepo na mzigo haukuwa umesafirishwa popote. Mabondo yenyewe hayakurudi, yalipotelea katika stoo ya ushahidi, na Evelina hakuyauliza. Iliyokwenda mbele ni ya Shimba. Hakimu aliziweka mezani karatasi mbili, zote na sahihi moja. Ya kwanza ilisema dumu liko nje. Ya pili ilisema dumu liko ndani, na ramani haijawahi kubadilika. Akamuuliza Bagenda ni ipi ya kweli. Bagenda akasema hakumbuki. Hakimu akasema mahakama itamsaidia kukumbuka, akaagiza kampuni ilete daftari za boti na picha za kidege za siku ile.

Na hapo kampuni ikafanya kile ambacho kampuni hufanya. Ilileta barua kwamba Bagenda si mtumishi wake, ni wa Lindamaji. Lindamaji wakaleta ya kwao, kwamba Bagenda siku ile alijiamulia mwenyewe, nje ya majukumu yake. Na ili kusafisha mikono kabisa, wakaleta picha. Kumbe kidege hakikuwa kwenye chaji. Kilikuwa juu kabisa, na kilimrekodi Bagenda akimwashiria dereva, kikamrekodi Shimba akinyoosha mkono majini mara mbili. Evelina aliitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kokugonza ndiye aliyetoka nje.

Bagenda alipelekwa mahabusu siku hiyo hiyo, kosa la kuua. Dereva wake akageuka shahidi. Kesho yake Evelina alikwenda na Ngosha, akakata kamba ya lile dumu, akalibeba nyumbani mapajani. Sasa analitumia kuwekea maji ya kuoshea mabondo.

Watu hudhani hadithi inaishia hapo, na mwanamke anapata amani, na kinyongo kinakwisha. Nimeshasema kinyongo chake hakiozi.

Juma lililopita nilikuwa nimekaa kwake nanunua. Akaja mwanamke mmoja, amevaa vizuri lakini viatu vina vumbi la mbali, akasimama kwenye vichanja vya kukaushia. Alijitambulisha kwa sauti ndogo, anaitwa Celestina, mke wa Bagenda. Kesi imeahirishwa, mumewe amehamishwa kutoka mahabusu na haambiwi amepelekwa wapi. Alienda kampuni, wakasema si mtu wao. Alienda Lindamaji, wakasema faili lilishafungwa. Alienda polisi, wakasema aulize magereza, magereza wakasema aulize mahakama. Ana dawa zake za presha kwenye mfuko. Akasema amesikia kuwa mama Hellen huarifiwa na mwanasheria kila hatua, basi anaomba, kwa heshima, kama anajua mumewe yuko wapi.

Evelina alijua. Nilikuwepo asubuhi Kokugonza alipompigia, nililisikia hata jina la gereza.

Hakuacha kazi. Aliingiza kisu, akavuta, akatoa bondo zima, akaliosha kwenye dumu la njano, akalitandaza. Akatoa la pili. Akatoa la tatu. Celestina alisubiri, mfuko wa dawa ameukumbatia kwa mikono miwili. Mimi nilitaka kusema, nakiri, jina lilinifika mpaka kwenye ulimi, na Evelina akanitazama mara moja tu, nikalimeza.

Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama yule mwanamke kwa upole kabisa, upole ule ule aliopewa yeye mara saba.

"Pole sana, mama," alisema. "Ila hapa siyo penyewe."